Sheria Inayomlinda Anayehudumiwa

Mtu anayeishi katika makao ya wazee, mgonjwa aliyelazwa, au mwenye ulemavu anayeogeshwa na kulishwa na wengine, hana nafasi ya kukwepa hatari kama walivyo watu wengi. Maji ya kuoga yakiwa ya moto kupita kiasi, hawezi kuruka nje ya bafu. Moto ukizuka usiku, hawezi kukimbia. Chakula kikiwa kimeharibika, atakula hicho hicho, kwa kuwa hana jiko jingine. Pengine hawezi hata kueleza kwamba ameumia. Ndiyo maana sheria za afya na usalama katika sehemu hizi hazimtaki yeye ajihadhari. Zinamtwika mzigo anayeendesha nyumba: aione hatari kabla haijaleta madhara, aiondoe au aipunguze, na asipofanya hivyo akajibu mahakamani.

Uingereza inafaa kutazamwa kwa karibu katika jambo hili. Sheria yake mama ya afya na usalama kazini, ya mwaka 1974, imeacha alama katika sheria za nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwemo, na ndani ya makao yake ya wazee wamo wahudumu na wauguzi waliotoka Afrika Mashariki. Zaidi ya hapo, historia yake inaonyesha waziwazi jinsi ulinzi huo ulivyopatikana. Vipengele vingi vilivyomo leo viliingia baada ya watu kufa kwa jambo lililoweza kuzuiwa.

Kwa zaidi ya miaka mia moja, sheria za usalama kazini za Waingereza zilikuwa sheria za viwanda na migodi. Zilihesabu mashine, mikanda, makaa ya mawe na moshi. Hospitali, shule na nyumba za kulelea watu hazikuonekana kuwa mahali pa hatari, na mamilioni ya waliofanya kazi humo hawakuwa na sheria yoyote ya kuwakinga. Mwaka 1970 serikali iliunda kamati chini ya Lord Robens, mwenyekiti wa shirika la taifa la makaa ya mawe, ichunguze hali hiyo. Ripoti yake ya 1972 ilisema sheria zilikuwa nyingi mno, zimetawanyika, na kila moja ilimtazama mfanyakazi wa aina yake. Ilipendekeza sheria moja pana inayofika kila mahali penye kazi. Bunge liliipitisha Julai 1974, na Januari 1975 ikaanzishwa mamlaka ya kuisimamia, inayojulikana kwa kifupi HSE.

Nguvu ya sheria hiyo imo katika vifungu vichache. Kifungu cha 2 kinamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake. Kifungu cha 3 kinamtaka awalinde pia watu wasio wafanyakazi wake wanaoweza kudhurika kutokana na shughuli zake. Kwa kiwanda, watu hao ni majirani na wapita njia. Kwa makao ya wazee ni wazee wenyewe, pamoja na jamaa wanaokuja kuwaona. Kifungu cha 7 kinamgeukia mfanyakazi na kumtaka ajitunze na awatunze wengine wanaoguswa na kazi yake, na ashirikiane na mwajiri katika mambo ya usalama. Hivyo mhudumu analindwa na sheria, na wakati huo huo anabanwa nayo.

Wajibu huo wa mwajiri una kipimo. Anatakiwa kufanya yote yanayowezekana kwa kadiri ya busara, maneno ambayo mahakama iliyafafanua mwaka 1949 katika kesi ya mchimba makaa aliyeangukiwa na ukuta wa njia ya mgodini. Uzito wa hatari huwekwa upande mmoja, na gharama, muda na usumbufu wa kuizuia upande wa pili. Hatari ikiwa kubwa na kinga ikiwa rahisi, mwajiri hana pa kujificha. Tena sheria ya 1974 inageuza mzigo wa kuthibitisha: mwajiri aliyeshtakiwa ndiye anayepaswa kuonyesha kwamba hakukuwa na la zaidi ambalo angeweza kulifanya. Kwa mtu aliyeumia ndani ya nyumba ambamo kumbukumbu zote, funguo zote na mashahidi wote wako mikononi mwa mwenye nyumba, jambo hilo ni la haki kabisa.

Hata hivyo, hospitali za umma za Uingereza ziliendelea kuwa nje ya mkono wa sheria kwa zaidi ya miaka kumi. Zilihesabiwa kuwa mali ya Taji, na Taji halishtakiwi. Mkaguzi aliweza kuingia katika jiko la hospitali, akaona uchafu, akaandika barua, lakini asingeweza kumfikisha mtu mahakamani. Agosti 1984, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Stanley Royd, mjini Wakefield, nyama ya ng'ombe iliyokwisha pikwa iliachwa nje ya jokofu kwa saa nyingi jikoni, siku ya joto, kisha ikagawiwa wagonjwa. Watu zaidi ya 400 waliugua kutokana na bakteria wa salmonela, na wagonjwa 19 walikufa, wengi wao wakiwa wazee. Mgahawa wowote wa mjini ungeburutwa mahakamani kwa jiko la namna ile. Baada ya uchunguzi wa wazi na malalamiko ya umma, Bunge lilitunga sheria mwaka 1986 iliyoondoa kinga ya Taji kwa hospitali katika mambo ya chakula na ya afya na usalama, na mwaka uliofuata ikaanza kufanya kazi.

Sheria mama haisemi bomba liwe na joto gani wala dirisha lifunguke kiasi gani. Hayo yamo katika kanuni na miongozo iliyo chini yake, na kanuni ya msingi kuliko zote ni ile inayomtaka kila mwajiri afanye tathmini ya hatari. Kwa mujibu wa kanuni za 1999, mwajiri mwenye wafanyakazi watano au zaidi lazima aandike matokeo ya tathmini hiyo. Katika makao ya wazee kuna tathmini ya nyumba nzima na kuna ya kila mkaazi: anaweza kusimama peke yake? Ameshawahi kuanguka? Anameza chakula kigumu, au anapaliwa? Ngozi yake imeanza kuchubuka mahali anapolalia? Majibu yanaingia katika mpango wa huduma yake, na mpango huo unatakiwa ubadilike hali yake inapobadilika. Karatasi iliyojazwa siku ya kwanza na kuachwa kwenye faili kwa miaka miwili hailindi mtu, na mahakama zimekuwa zikiichukulia hivyo.

Maji ya bafuni yanaonyesha vizuri jinsi tathmini inavyolazimika kwenda kwa undani. Ngozi ya mzee ni nyembamba, na mwenye ganzi miguuni kwa sababu ya kisukari au kiharusi anaweza kuungua bila kuhisi. Kwa sababu hiyo miongozo ya Uingereza inataka maji yanayotoka kwenye bomba la bafu au bafu la manyunyu yasizidi nyuzi joto 44 mahali ambapo watu walio dhaifu wanaweza kujitumbukiza mwili mzima. Lakini maji yakihifadhiwa kwenye tangi kwa joto la namna hiyo, bakteria wa lejionela, ambao husababisha homa kali ya mapafu, hupata pa kuzaliana, kwani hustawi kati ya nyuzi 20 na 45. Tangi linatakiwa libaki kwenye nyuzi 60 hivi ili kuwaua. Wokovu wa mmoja unakuwa hatari kwa mwingine. Jibu lililopatikana ni vali maalumu inayofungwa karibu na bomba, inayochanganya maji ya moto na ya baridi mwishoni kabisa mwa safari, na inayojifunga endapo maji ya baridi yatakatika. Hata ikiwepo vali hiyo, mhudumu hupima maji kwa kipimajoto kabla ya kumwingiza mtu bafuni. Nyumba zilizotozwa faini kwa watu kuungua hadi kufa aghalabu zilikosa vali, zilikuwa na vali isiyohudumiwa, au ziliacha mhudumu akadirie joto kwa mkono wenye glavu.

Madirisha nayo yana kipimo chake. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anaweza kuliona dirisha kama mlango wa kwenda nyumbani kwake kwa zamani. Ghorofani, dirisha ambalo mkaazi wa namna hiyo analifikia halitakiwi kufunguka zaidi ya milimita 100, na kizuizi chake kiwe imara, kisichofunguka kwa kusukumwa.

Eneo lililowaumiza wahudumu wengi kuliko yote ni kunyanyua watu. Kwa vizazi vingi wauguzi walimshika mgonjwa kwapani na kumvuta juu ya kitanda, wakamaliza miaka yao ya kazi na migongo iliyoharibika. Mgonjwa naye aliumia: mabega yaliteguka, ngozi ilichanika kwa kuburuzwa kwenye shuka. Kanuni za 1992 kuhusu unyanyuaji wa mizigo kwa mikono ziliweka mpangilio unaofuatwa mpaka leo. Kwanza mwajiri aepushe unyanyuaji wenye hatari kila inapowezekana. Isipowezekana, aupime: uzito, umbali, nafasi ya chumba, nguvu za mhudumu na hali ya anayenyanyuliwa. Kisha apunguze hatari kwa vifaa na mafunzo. Kutokana na hapo zikaenea mashine za kunyanyulia watu, ambazo humweka mgonjwa ndani ya kitambaa imara chenye mikanda na kumhamisha taratibu kutoka kitandani hadi kwenye kiti cha magurudumu. Mashine nayo ina hatari zake, kwani kitambaa kisicho cha kipimo chake kinaweza kumwachia mtu akaanguka kichwa. Kanuni nyingine za mwaka 1998 zinataka kila mashine ya kunyanyulia watu, pamoja na mikanda yake, ichunguzwe na mtu mwenye ujuzi kila baada ya miezi sita.

Waajiri wengine walitoka upande mmoja wakaangukia upande wa pili. Walipiga marufuku kabisa kumnyanyua mtu kwa mikono, iwe iwavyo. Kanuni zenyewe hazikusema hivyo. Katika kaunti ya East Sussex, dada wawili wenye ulemavu mzito walijikuta katika mvutano kati ya wazazi wao na halmashauri juu ya namna ya kuwahamisha, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ikatoa hukumu ambayo bado inarejewa. Ilisema usalama wa mhudumu na utu wa anayehudumiwa lazima vipimwe pamoja, mtu kwa mtu na hali kwa hali. Katazo la jumla linalomwacha mtu akae kwenye uchafu wake au akose kutoka nje ya nyumba halikubaliki. Lakini mahakama haikumtaka mhudumu avunjike mgongo. Hukumu hiyo iliziweka mahali pake haki za pande mbili ambazo mara nyingi huzungumzwa kana kwamba moja lazima imeze nyingine. Ukweli wa kazi hii unaonekana wodini kila siku: mhudumu aliyechoka, aliye peke yake zamu ya usiku, asiyefundishwa kutumia mashine, ndiye anayemwangusha mzee. Kumkinga mmoja ni kumkinga mwenzake.

Kanuni nyingine zinashughulikia mambo yanayojulikana zaidi. Kemikali za kusafishia, dawa za kuua vijidudu na damu yenye maambukizi ziko chini ya kanuni za 2002 kuhusu vitu vinavyodhuru afya, na ndizo zinazodai glavu, aproni, barakoa na kabati lenye kufuli la kuhifadhia jiki. Sindano na visu vya hospitali vina kanuni zao za mwaka 2013, zinazomtaka mwajiri atumie sindano zenye kinga ndani yake na asiruhusu sindano iliyotumika kurudishiwa kifuniko pasipo sababu ya lazima. Ajali kubwa lazima ziripotiwe: kifo, mvunjiko wa mfupa wa aina zilizotajwa, au jeraha linalomfanya mfanyakazi ashindwe kazi yake ya kawaida kwa zaidi ya siku saba. Mwenye nyumba akificha taarifa ya namna hiyo, kuficha kwenyewe ni kosa.

Kuhusu moto, hakuna tukio lililowafundisha Waingereza kwa uchungu kama lile la makao ya wazee ya Rosepark, huko Uddingston nchini Scotland. Alfajiri ya Januari 31, 2004, hitilafu ya umeme iliwasha moto ndani ya kabati la kuwekea mashuka. Kengele ililia. Wahudumu wa zamu ya usiku hawakuita zimamoto papo hapo. Walianza kwanza kutafuta moto uko wapi, na dakika kama tisa zikapita. Milango ya vyumba vingi kando ya ujia ilikuwa wazi, moshi ukaingia wazee wakiwa usingizini. Wazee 14 walikufa. Uchunguzi wa mahakama, uliotoa ripoti yake mwaka 2011, ulionyesha kwamba baadhi ya vifo hivyo au vyote vingeweza kuzuiwa kama pangekuwa na mpango wa moto wa kueleweka na unaofaa: kabati lisilopitisha moshi, milango inayojifunga, ujia uliogawanywa, wahudumu waliofanyishwa mazoezi, na simu kupigwa mara moja.

Sheria ilishindwa mara ya pili baada ya vifo. Nyumba ile iliendeshwa na ubia wa kifamilia, na ubia huo ulikuwa umevunjwa. Waendesha mashtaka walijaribu mara tatu kuwafikisha wahusika mahakamani, na mara zote kesi zikaanguka kwa kuwa ubia uliovunjwa haukuwa tena na nafsi ya kushtakiwa. Familia za marehemu ziliondoka bila hukumu. Ilibidi itungwe sheria mpya mwaka 2013 kuhakikisha kwamba ubia wa Scotland haukwepi mashtaka kwa kuvunjika. Huko England na Wales, agizo la 2005 kuhusu usalama wa moto linamtaja mtu mwenye dhamana kwa kila jengo, ambaye lazima apime hatari ya moto na aandae njia ya kuwatoa watu. Katika makao ya wazee haitoshi kusema watu watoke kwa ngazi. Wasioweza kutembea huhamishwa kwanza kutoka eneo lenye moto hadi eneo jirani lililotenganishwa kwa milango inayozuia moto, na idadi ya wahudumu wa usiku lazima itoshe kufanya kazi hiyo.

Sheria nzuri huhitaji mkaguzi, na hapa ndipo Uingereza ilipojikwaa kwa muda mrefu kuliko inavyodhaniwa. HSE ilikuwa na sheria ya 1974 mkononi, lakini kwa kawaida haikujiingiza katika maswali ya matibabu. Iliyaona kuwa kazi ya wasimamizi wa huduma za afya. Wasimamizi nao hawakuwa na nguvu za kutosha za kushtaki. Katika pengo hilo yalitokea ya hospitali ya Stafford, ambako kati ya 2005 na 2009 wagonjwa waliachwa na njaa, kiu na uchafu. Mwaka 2007 mwanamke wa miaka 66 mwenye kisukari alikufa hapo baada ya kukosa insulini. Wauguzi walikuwa wakipokezana zamu bila kukabidhiana habari zake ipasavyo, na kumbukumbu zake hazikusomwa. Taasisi iliyoendesha hospitali hiyo ilishtakiwa na HSE chini ya kifungu cha 3, na mwaka 2014 ikatozwa faini ya pauni 200,000. Miaka saba ilikuwa imepita. Uchunguzi wa wazi ulioongozwa na wakili Robert Francis, uliotolewa Februari 2013, ulilianika pengo hilo la usimamizi.

Tangu Aprili 2015 kazi hiyo imegawanywa upya. Nchini England, Tume ya Ubora wa Huduma, CQC, iliyoanza kazi mwaka 2009, ndiyo inayoongoza mashtaka pale mgonjwa au mkaazi anapodhurika katika sehemu iliyosajiliwa nayo. HSE inabaki na wafanyakazi, na sehemu zisizosajiliwa. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina wakaguzi wao. Mkaguzi wa HSE anaweza kutoa ilani ya kurekebisha kasoro kwa muda maalumu, au ilani ya kusimamisha kazi mara moja. CQC inaweza kufuta usajili, na hapo nyumba inafungwa.

Kipimo kinachotumiwa na CQC ni viwango vya msingi vilivyomo katika kanuni za 2014, ambavyo hakuna nyumba inayoruhusiwa kushuka chini yake. Huduma iwe salama. Mtu asidhulumiwe. Chakula na maji vitoshe. Wahudumu wawe wa kutosha, wenye ujuzi, na waliochunguzwa kabla ya kuajiriwa, pamoja na kuangaliwa kama wana rekodi ya uhalifu. Kikubwa zaidi ni wajibu wa kusema kweli: mgonjwa akidhurika, hospitali au makao lazima yamweleze yeye au jamaa zake kilichotokea na kuomba radhi, bila kungoja kuulizwa. Kabla ya hapo familia zilitumia miaka mingi na mawakili kutafuta jambo ambalo wenye nyumba walilijua tangu siku ya kwanza. Kwa wajibu huo pekee kanuni za 2014 zinastahili sifa.

Matokeo ya ukaguzi hutolewa kwa madaraja manne, kuanzia bora sana hadi lisilofaa, na nyumba lazima ibandike daraja lake mahali panapoonekana. Lakini daraja lina maana pale tu mkaguzi anapofika. Tathmini iliyofanywa na daktari Penny Dash mwaka 2024 ilikuta kwamba takriban sehemu moja kati ya kila tano zilizo chini ya CQC haijawahi kupewa daraja lolote, na nyingine zimekaa miaka mingi bila kukaguliwa tena. Familia inayochagua makao kwa kutazama karatasi ya ukutani inastahili kujua karatasi hiyo ni ya mwaka gani.

Kuna madhara yasiyotokana na uzembe wa vifaa bali na ukatili. Mwaka 2011 kipindi cha televisheni ya BBC kilionyesha picha zilizopigwa kwa siri katika hospitali ya binafsi ya Winterbourne View, karibu na Bristol, ambako watu wenye ulemavu wa akili walipigwa, walikokotwa sakafuni na kudhihakiwa na wahudumu wao. Muuguzi mmoja alikuwa ametoa taarifa mapema kwa uongozi na kwa mkaguzi, asisikilizwe. Wahudumu 11 walihukumiwa, na sita wakafungwa. Kesi ile ilionyesha tena kwamba wa chini walifungwa huku kampuni ikiwa vigumu kuigusa. Mwaka 2015 Bunge liliunda kosa jipya la kumdhulumu au kumtelekeza kwa makusudi mtu anayehudumiwa, lenye kifungo cha hadi miaka mitano, na likaweka kosa sambamba kwa kampuni yenyewe pale usimamizi wake mbovu unapochangia. Sheria ya 1998 inamlinda mfanyakazi anayetoa taarifa asifukuzwe wala kunyanyaswa. Inasaidia, ila mara nyingi baada ya madhara kutokea, kwani anayefukuzwa hudai haki yake katika baraza la kazi akiwa tayari hana mshahara.

Usalama pia una mpaka wake. Njia rahisi ya kuzuia mzee asianguke ni kumfungia kwenye kiti, na njia rahisi ya kuzuia asipotee ni kufunga mlango. Sheria ya 2005 kuhusu uwezo wa kiakili inakataza kuchukua njia hizo kiholela. Mtu huhesabiwa kuwa na uwezo wa kuamua mpaka ithibitike vinginevyo. Asiye na uwezo huamuliwa kwa kufuata manufaa yake, na kwa njia inayombana kidogo iwezekanavyo. Makao yanayomzuia mtu kutoka yakimsimamia muda wote yanahitaji idhini maalumu kutoka nje ya nyumba hiyo. Mzee mwenye akili timamu anayetaka kutembea bustanini akijua kwamba anaweza kuanguka ana haki ya kutembea.

Korona iliujaribu mfumo wote huu kwa mara moja. Machi na Aprili 2020 wagonjwa waliondolewa hospitalini na kupelekwa kwenye makao ya wazee ili kupisha vitanda, bila kupimwa na bila kutakiwa watengwe. Aprili 2022 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi iliyofunguliwa na mabinti wawili waliofiwa na baba zao, kwamba sera hiyo ya serikali ilikuwa kinyume cha sheria, kwa kuwa haikuzingatia hatari ya mtu kuambukiza wengine kabla hajaonyesha dalili. Maelfu ya wazee walikuwa wamekwisha kufa katika makao hayo.

Upungufu wa wahudumu uliofuata ndio uliofungua mlango kwa wageni. Februari 2022 Uingereza iliwaingiza wahudumu wa makao katika orodha ya kazi zinazotolewa viza, na watu kutoka Afrika na Asia wakaenda kwa wingi, Wakenya na Waganda wakiwemo. Machi 2024 wakazuiwa kwenda na wategemezi wao, na Julai 2025 ajira mpya za moja kwa moja kutoka nje ya nchi zikafungwa. Kwa waliopo, sheria ya usalama haitazami pasipoti. Mwajiri lazima ampe kila mfanyakazi maelezo na mafunzo anayoweza kuyaelewa, vifaa kinga bila kumtoza, na mashine pale inapohitajika. Tatizo ni kwamba viza humfunga mhudumu kwa mwajiri wake, na anayeogopa kurudishwa kwao huona tabu kuripoti kwamba yupo peke yake usiku na wazee 20. Woga huo ni hatari kwa wazee kama ulivyo kwake.

Nchi za Afrika Mashariki ziliurithi mkondo huu tangu enzi za ukoloni. Tanganyika ilikuwa na sheria ya viwanda ya 1950, na Kenya ilikuwa na yake ya miaka hiyo hiyo, zote zikifuata mtindo wa Uingereza wa kabla ya Robens. Tanzania Bara iliibadilisha mwaka 2003 kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, inayosimamiwa na wakala wa serikali, OSHA, na Kenya ikafanya hivyo mwaka 2007. Sheria zote mbili zinatamka, kama ile ya 1974, kwamba zinawalinda pia watu wasio wafanyakazi dhidi ya hatari zitokanazo na kazi za wengine. Ya Kenya inataka kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya. Kwa maneno mengine, hospitali ya wilaya, kituo cha kulelea watoto yatima, makazi ya wazee ya Nunge huko Kigamboni au Nyumba ya Wazee ya Kasarani, Nairobi, ni mahali pa kazi mbele ya sheria kama kilivyo kiwanda cha saruji, na wanaoishi humo wana kinga ndani yake. Kenya ina nyongeza: ibara ya 57 ya katiba yake ya 2010 inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kupata matunzo ya kuridhisha kutoka kwa familia na dola.

Lakini wazee wengi wa Afrika Mashariki hawaishi katika makao. Wanatunzwa nyumbani, na binti, mkwe, mjukuu, au msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kijijini. Hata Uingereza kwenyewe sheria ya 1974 inasimama mlangoni hapo: kifungu cha 51 kinamtoa mtumishi wa ndani wa nyumba ya mtu binafsi. Mhudumu anayetumwa na kampuni kwenda nyumbani kwa mzee analindwa, na mzee naye pia. Aliyeajiriwa na familia yenyewe kama mtumishi wa nyumbani hana kinga hiyo. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unasema wafanyakazi wa nyumbani nao wana haki ya mazingira salama na yenye afya, na unazitaka nchi zilizouridhia ziweke hatua za kulifanikisha hilo kwa kuzingatia namna kazi ya nyumbani ilivyo. Uingereza haijauridhia. Msichana anayemnyanyua bibi kutoka kitandani kila asubuhi, peke yake, bila mashine na bila mafunzo, anafanya kazi ile ile ambayo kanuni za 1992 zilitungwa kwa ajili yake, na hakuna mkaguzi anayebisha hodi kwenye nyumba hiyo.